Kisanduku Kilimkosa Koki

Kuna simu ambazo mtu angefaa kuzipokea akiwa peke yake na mlango umefungwa. Ile ya Ijumaa asubuhi ilimkuta Muoki nyuma ya usukani wa lori la mkate, katikati ya Industrial Area, simu ameiegemeza kwenye dashibodi na sauti iko wazi, kwa sababu mikono yake yote miwili ilikuwa kazini. Kando yake aliketi Griffins, mpakiaji wake, mtu mwenye masikio mazima na mdomo usio na pazia.

"Bwana Muoki? Ni sista Mitchelle, wa kliniki ya moyo."

"Ndiyo, sista. Nakusikia."

"Koki amesafiri?"

"Hapana. Yuko nyumbani."

Sista akasikika akipekua karatasi. "Basi nisaidie. Kile kisanduku cha kando ya kitanda hakijampata tangu Jumanne. Jumanne, Jumatano, na jana. Stima iko, mtandao uko, kisanduku kinafanya kazi vizuri. Mtu ndiye hayuko. Nimempigia mara nne hapokei, ndiyo nikakutafuta wewe, maana ndiwe uliyeandikwa wa pili."

Koki alikuwa na kifaa kifuani, chini ya mfupa wa bega la kushoto, kikubwa kuliko kiberiti kidogo tu. Alitiwa mwaka juzi, baada ya uzazi uliomlegeza moyo na kumrudisha nyumbani mikono mitupu. Kila usiku akilala, kifaa kile huzungumza na kisanduku kilicho kwenye stuli, na kisanduku hupeleka habari kliniki: moyo umepiga vipi, kifua kimeingia maji au la. Sharti lilikuwa moja tu. Alale karibu nacho, umbali wa hatua tatu au nne. Akilala kwingine, kisanduku hutafuta usiku kucha kisimpate.

"Kuna jambo jingine," sista akaendelea, "na ndilo kubwa. Kabla ya hiyo Jumanne..."

"Nitamtafuta, sista. Nitakupigia." Muoki akakata simu.

Lori likavuka magodauni matatu.

"Buda," Griffins akasema mwishowe, "hiyo kisanduku ni mashine ama ni mama mkwe?"

"Griffins."

"Mimi nauliza tu. Siku tatu bibi hajalala kwa bed, na wewe uko huku unapelekea watu mkate."

"Funga mdomo."

"Nimefunga. Lakini ukipata ni yule fundi wa viti, usiende pekee yako. Huyo msee ana mikono ka ya mtu amezoea kubeba magunia."

Jina halikutajwa, wala halikuhitaji kutajwa. Wivu ni kama kucha. Ukiukata, unaota tena, nao huota ukiwa umelala.

Laban fundi wa viti alikuwa na kibanda sokoni Jericho. Alitoka upande wa magharibi, mrefu, mcheshi, mwimbaji wa sauti nzito katika kwaya ileile alimoimba Koki. Kabla Muoki hajatokea, Laban alimtaka Koki kwa miaka miwili na hakuficha. Koki alimchagua Muoki. Laban akapeana mkono, akacheka, akaendelea kuimba. Hicho kicheko ndicho kilichomkaa Muoki kooni. Mtu aliyeshindwa angenuna, asalimiwe asiitikie, ijulikane ameshindwa. Huyu mpaka leo akimwona Koki huita toka ng'ambo ya barabara, "Sauti ya kwanza hajambo?" na Koki huitikia kwa tabasamu ambalo Muoki amelipima mara nyingi na kila mara akaliona limezidi.

Na sasa ilikuwa imebaki siku moja. Kesho Jumamosi mbuzi watatu wa ntheo wangepelekwa Mwala kwa baba yake Koki. Muoki na Koki walikuwa wameishi pamoja miaka mitatu, lakini kwa Wakamba miaka si kitu bila mbuzi hao. Mpaka wafike na mmoja achinjwe, mwanamke bado ni wa baba yake. Hata akifa, huzikwa kwa baba yake. Mama yake Muoki, bi Kasiva, alikuwa amewazuia mbuzi wale tangu Koki atoke hospitali. "Umeenda kuniolea betri," alimwambia mwanawe mbele ya watu. Mwezi uliopita ndipo alipolegea, naye akaweka neno: "Amekaa mwaka mzima bila kulazwa. Akifika hiyo Jumamosi akiwa hivyo, nitafungua zizi kwa mkono wangu. Akirudi wodini kabla, mbuzi wangu wanabaki."

Ndiyo maana Muoki, alipokuwa anapeleka krate za mwisho, alikuwa anafikiri mambo mawili kwa wakati mmoja. Kwamba kesho anaoa. Na kwamba anayemwoa amelala pasipojulikana siku tatu.

Sasa akaanza kukumbuka. Wiki hii yote alikuwa zamu ya usiku, anatoka saa tatu, anarudi saa tano asubuhi. Kila akirudi, kitanda kimetandikwa vizuri. Shuka baridi. Alipojitupa juu yake Jumatano, alisikia mto wa Koki hauna harufu ya mafuta yake ya nywele. Alilala nalo hilo wala hakujua amelala nalo.

*

Hakwenda nyumbani. Alipitia sokoni.

Laban alikuwa nje ya kibanda, amepiga magoti, misumari midogo mdomoni, anang'oa kitambaa kwenye kiti kikubwa cha mikono. Aliitema misumari kiganjani alipomwona.

"Mulembe, dereva. Leo umekuja na mkate ama umekuja na maneno?"

"Laban, nitakuuliza kitu kimoja."

"Uliza viwili. Sina haraka."

Lakini Muoki hakuuliza. Jicho lake lilikuwa limeangukia kile kiti. Kwenye mkono wake, imekunjwa mara nne, ilikuwa leso ya rangi ya zambarau yenye maua ya njano. Leso ile aliinunua yeye mwenyewe, akamfunga nayo Koki mabegani siku alipotoka hospitali. Aliijua mpaka doa la chai lililokuwa pembeni.

"Hiyo ni ya nani?"

Laban aliitazama leso, akamtazama Muoki, na kwa mara ya kwanza tangu wajuane hakucheka. "Unaijua ni ya nani."

"Imefikaje hapa?"

"Nilipewa na mwenyewe. Asubuhi, ulipokuwa kazini."

"Na jana? Na juzi? Mwenyewe alikuwa nawe pia?"

"Wewe unauliza nini hasa?" Laban akasimama, akajipangusa magoti. Urefu wake ulikuwa haumalizikii karibu. "Nataka nikusikie ukilisema, maana nikilijibu kabla hujalisema nitakuwa nimekutusi."

"Nauliza mke wangu amelala wapi siku tatu."

Mwanamke aliyekuwa anapanga nyanya kibanda cha pili aliacha kupanga nyanya.

"Mke wako," Laban akasema polepole. "Nilimpenda yule msichana, Muoki, na wewe unajua, na soko zima linajua. Kama angekuwa amelala kwangu ningekwambia, kwa sababu nisingekuwa na haja ya kujificha. Ningekuwa nimeshinda." Akachukua leso, akaikunja tena ingawa ilikuwa imeshakunjwa. "Amenikataza kusema mpaka Jumapili. Nimemwapia. Lakini kuapa hakunizuii kukushauri. Nenda nyumbani. Ukifika, kabla hujafungua mdomo, tafuta pa kukaa."

"Unanifanyia mzaha?"

"Nimekwambia tafuta pa kukaa. Na leso uiache, bado nina kazi nayo."

Kama si yule mama wa nyanya aliyesema, "Wanaume, hapa ni mahali pa kuuza," ngumi ingetoka. Muoki aligeuka akaondoka, masikio yanamlia. Kazi nayo. Kazi gani fundi wa viti anayo na leso ya mke wa mtu?

*

Walikaa nyumba moja ya zile za zamani za kanjo, baraza la jiji, kuta za mawe nene, chumba cha mbele na chumba cha kulala. Muoki alipofika mlangoni alisimama kama aliyegusa waya wa stima.

Kwenye ngazi palikuwa na malapa. Malapa ya kiume, makubwa, meusi, mapya. Hayakuwa yake.

Hapo ndipo wivu ulipoacha kuwa kucha ukawa meno. Laban alikuwa sokoni, basi huyu alikuwa wa tatu. Aliyasukuma malapa kando kwa mguu, akaingia bila kubisha.

Chumba cha mbele hakikuwa na mtu. Alipita mpaka cha kulala, akainua pazia. Hakuna mtu. Kitanda kimetandikwa, laini, bila mkunjo. Kwenye stuli kisanduku kilikuwa na taa yake ndogo ya kijani, kinamtazama kama shahidi aliyeshaapishwa.

Akasikia maji yakimwagwa nje, kisha Koki akaingia kwa mlango wa nyuma na beseni tupu mkononi. Alikuwa amevaa dera. Alishtuka, kisha akajilazimisha kutabasamu.

"Umefika. Chai iko kwenye..."

"Yuko wapi?"

"Nani?"

"Mwenye malapa."

Koki alitazama kuelekea mlangoni, kisha akamtazama usoni. Tabasamu likaondoka. "Ulikuwa unamtafuta mpaka chini ya kitanda, mwana wa Kasiva?"

"Usinijibu kwa swali. Sista amenipigia. Siku tatu hujalala humu ndani. Leso yangu nimeikuta kwa Laban. Malapa ya mwanaume mlangoni kwangu. Kesho wazee wanaenda kwa baba yako, na mimi sijui nawatuma wakaniolee nani."

"Sista amepiga?" Sauti yake ilishuka. Katika maneno yote yale, ni hilo tu lililomtisha. "Amesemaje?"

"Amesema hukulala nyumbani."

"Na kingine?"

"Kingine kipi? Hilo halitoshi?"

Koki aliweka beseni chini, taratibu, kama zito, ilhali halikuwa na kitu. Alishika ukuta. "Nimelala nyumbani, Muoki. Kila siku. Hapa."

"Hapa wapi? Kisanduku hakidanganyi."

"Hakidanganyi. Kinajua chumba kimoja tu."

Muoki alikuwa hajalala tangu jana jioni. Akarudi nyuma apate kuketi, kwenye pembe ya dirisha, mahali alipoketi miaka yote, kwenye kiti cha marehemu baba yake. Mkono wake ukapapasa hewa. Alikaribia kuanguka.

Kiti hakikuwapo.

Palikuwa na mraba wa sakafu safi mahali kilipokaa, na kando yake blanketi lililokunjwa, na kikombe.

Tafuta pa kukaa.

Alikuwa amekitazama kile kiti sokoni kwa dakika nzima. Mikono yake ya mninga iliyochongwa na baba yake, ua kila upande, ambayo ameishika tangu utotoni. Hakuiona. Aliona leso.

"Kiti kimeenda kwa Laban kufanya nini?" Ilikuwa sauti ya mtu mwingine kabisa.

Koki alitembea mpaka mlangoni, hatua kwa hatua, akayavuta ndani yale malapa kwa kidole, na akaingiza miguu yake. Dera likapanda kidogo. Miguu ilijaa malapa yale pomoni. Haikuwa miguu aliyoijua Muoki, miembamba, iliyomchezea akili siku ya kwanza alipoiona ikivuka dimbwi la mvua pale sokoni. Vifundo vya miguu vilikuwa vimepotea.

"Viatu vyangu vimekataa tangu Jumatatu," Koki akasema. "Phelister wa jirani akaniletea haya toka Majengo. Nilimwambia namba tisa. Akacheka, akauliza nimeficha mwanaume gani. Sikujua kuna mtu atauliza kweli."

Muoki alishuka sakafuni. Alishika mguu wa Koki, akabonyeza kwa kidole gumba juu ya kifundo. Alipoondoa kidole, shimo likabaki pale, kama shimo kwenye kinyunga kabla hakijaingia tanuri. Miaka tisa ameona vinyunga. Alingoja lijae. Lilichukua muda.

"Ukilala unasikia nini?"

"Nikilala chali, ni kama kuzama. Jumanne nilijaribu mito mitatu, ikashindwa. Nikaja kiti cha baba yako, nikalala nimekaa, nikapata usingizi kidogo. Lakini mgongo wake umelegea, unanimeza, naamka nimekunjika. Leo asubuhi nikamwita Laban akichukue, anyooshe mgongo. Nikamwachia leso iwe kipimo, kutoka kiunoni mpaka shingoni. Nilipiga fundo mahali kichwa kinapofika."

"Ungeniambia mimi."

"Ungenipeleka hospitali."

"Koki..."

"Ngoja nimalize, sina pumzi ya kusema mara mbili." Aliegemea ukuta. "Usiku wa kwanza sikumkimbia sista, nilikuwa natafuta hewa tu. Wa pili nilijua. Nilisema, nikirudi kule chumbani kisanduku kitasema yote. Nitaitwa, nitalazwa, na mama yako atafunga zizi. Nilitaka siku tatu tu. Jumamosi mbuzi wafike, Jumapili nimpigie sista mwenyewe." Macho yake yalikuwa makavu, na hilo lilimuumiza Muoki kuliko machozi. "Naujua moyo wangu, Muoki. Kama utasimama, sitaki kurudishwa Mwala kama mzigo uliokosa mwenyewe. Nataka nikizikwa, nizikwe kwenu."

Muoki alikaa pale sakafuni, mguu wa Koki bado mikononi. Aliona asubuhi yote ikimpita tena: soko, ngumi aliyoizuia kwa shida, pazia aliloinua kama askari. Alikuwa amemwonea wivu Laban kwa sababu ya tabasamu. Kumbe wa kuonewa wivu alikuwa kile kisanduku. Ndicho kilichogundua mapema kwamba kitanda ni kitupu, kikasema. Yeye alijitupa juu ya kitanda kilekile siku tatu, akakoroma.

Akatoa simu.

"Sista, ni Muoki. Asubuhi nilikukata. Ulikuwa unasema kabla ya Jumanne."

"Nilikuwa nasema maji yamekuwa yakipanda kifuani kwa siku kumi," Mitchelle akajibu, bila kumlaumu. "Nilitaka aje tubadilishe dawa. Umempata?"

"Nimempata. Hakuenda popote. Analala amekaa, chumba cha pili. Miguu imevimba."

"Mlete sasa hivi. Usingoje jua lipungue. Atalazwa, lakini kwa kutolewa maji tu, akija leo. Akija Jumapili siahidi."

"Tunakuja."

Koki alikuwa ameanza kutikisa kichwa. Muoki alimwinulia kiganja kama polisi wa barabarani, akapiga namba nyingine, ya mama yake.

"Mwaitu."

"Mwanangu. Mbuzi wamekula vizuri, mjomba wako Muasya amefika. Koki hajambo?"

"Koki anaenda wodini leo."

Upande wa pili palisikika mbuzi mmoja akilia, kisha pumzi ya bi Kasiva. "Nilisema nini, Muoki? Nilisema nini mbele ya watu?"

"Ulisema. Nilikusikia. Sasa nisikie mimi. Mjomba Muasya anaondoka na mbuzi kesho alfajiri. Mimi sitakuwepo. Nitakuwa hospitali na mke wangu."

"Mke wa nani? Bado ni wa baba yake."

"Ndiyo maana mbuzi wanaenda, mwaitu."

"Na kama nikifunga zizi?"

"Basi nitanunua wengine Mwala hapohapo, na mjomba atawapeleka, na watu watauliza wa kwako walikuwa wanaugua nini." Sauti yake ikalainika. "Mwaitu, amekaa siku tatu kwenye kiti cha baba, anahema, ili asikuvunjie sharti lako. Sijui mkamwana mwingine utakayempata wa kukuogopa hivyo."

Bi Kasiva akaugeuzia mdomo pembeni ya simu. Akasikika akiongea na mtu mwingine aliye karibu. "Muasya. Yule beberu mwekundu, mfunge kamba mpya. Hii imechakaa." Akakata simu bila kuaga, kama ilivyokuwa desturi yake akishindwa.

Koki alifunika uso kwa mikono yote miwili. Muoki aliinuka, akaita teksi, akakusanya dawa, kitambulisho, kadi ya kliniki. Aliingia chumbani akachomoa kisanduku, akakisimamisha chumba cha mbele, kwenye pembe ya dirisha, akakichomeka pale. Taa ikazima, ikawaka tena kijani.

"Ukirudi, kiti kitakaa hapa," akasema. "Na hiki kando yake. Na mimi nimeomba zamu ya mchana."

"Umeomba lini?"

"Nitaomba ndani ya teksi."

Akamshika kiunoni wakatoka, yale malapa namba tisa yakipiga sakafu kwa kelele. Hatua nane, wakapumzika. Nane nyingine. Phelister alitoa kichwa dirishani, akawaona, akakirudisha ndani kwa heshima asiyokuwa nayo kwa kawaida. Teksi ilikuwa inawangoja kwenye lango.

"Na Laban?" Koki akauliza, pumzi ikikatika katikati. "Ulimwambia nini?"

"Niliongea naye kidogo."

"Muoki."

"Nitamwomba msamaha. Leo, nikishakufikisha. Nitamwambia kiti akichukulie muda, anyooshe vizuri, hata wiki." Alimfungulia mlango wa gari, akamweka, akamnyanyulia mguu mmoja mmoja kama anayebeba mayai. Kisha akainama, uso wake ukiwa karibu na wake.

"Lakini hiyo leso," akasema, "ananipa leo."